Ukimaliza mfululizo wa fantasia, rudi kitabu cha kwanza

Ukishafunga kitabu cha mwisho cha mfululizo wa fantasia, yaani hadithi za kubuni zenye nguvu za ajabu, kazi inayofuata ni kukitafuta cha kwanza. Wengi hawafanyi hivyo. Wanamaliza usiku wa manane, asubuhi wanaandika "mwisho umenichosha" au "nimelia sana", na maoni yao yanakomea hapo. Mfululizo wa vitabu saba, au kumi na vinne, haupimwi kwa sura tatu za mwisho. Kitabu cha kwanza kilikuwekea ahadi, na cha mwisho ama kinazilipa ama kinakimbia deni. Maelekezo haya ni ya kukagua hesabu hiyo kwa wiki moja, kisha kuiandika kwa Kiswahili ambacho jirani yako wa Nkuhungu au Area C hapa Dodoma atakisoma bila kukwama.

Vifaa

Kaunta buku moja yenye jalada gumu, kalamu ya bluu, kalamu nyekundu, na karatasi moja ya A4. Ikate karatasi hiyo kwa urefu, vipande vya upana wa sentimita 2, utapata kumi. Vikate katikati viwe ishirini. Hivyo ndivyo vialamisho vyako. Usikunje pembe za kurasa wala kupigia mistari kitabu cha maktaba au cha kuazima, na usitumie vikaratasi vya gundi kwenye vitabu vya zamani, maana hubandua wino.

Jambo moja kuhusu vitabu vinene. Fantasia nyingi huja kwa jalada laini na kurasa mia nane au zaidi, na gundi ya mgongo wa kitabu cha mtumba mara nyingi imeshakauka. Kiangazi cha Dodoma hakikisaidii. Kabla ya kuanza kurudi nyuma kwenye kurasa, simamisha kitabu mezani kwa mgongo wake, shusha jalada la mbele, kisha la nyuma, halafu fungua kurasa kama ishirini upande huu na ishirini upande ule, ukizikandamiza taratibu kuelekea katikati. Ukikipasua moja kwa moja katikati, mgongo utavunjika na kurasa zitaanza kuchomoka. Vumbi lifute kwa kitambaa kikavu. Kitambaa chenye maji hugeuza vumbi letu jekundu kuwa doa.

Siku ya kwanza: andika kitabu kikiwa kimefungwa

Fanya hivi ndani ya saa 24, kwa dakika 30, bila kufungua kitabu chochote na bila kusoma maoni ya mtu mwingine. Jibu maswali manne. Tukio gani bado unaliona? Mhusika gani umemsahau hadi ukalazimika kujikumbusha? Ni kitabu cha ngapi ulipotamani kuruka kurasa? Swali gani umebaki nalo?

Majina ukiyakosea, yaache yalivyo. Jina lililokutoka baada ya kurasa elfu tatu ni ushahidi: ama mhusika hakuchongwa vizuri, ama wahusika ni wengi mno. Ukisahihisha sasa, unaufuta ushahidi huo. Maoni ya wengine nayo yana hatari yake, kwa sababu ukishasoma kwamba kitabu cha nne "kinaburuta", utaanza kuamini kwamba nawe ulikiona kinaburuta.

Siku ya pili hadi ya nne: daftari la ahadi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo pape muda. Soma tena sura tatu za mwanzo za kitabu cha kwanza, pamoja na utangulizi wa hadithi kama upo. Kisha soma sura ya mwisho ya kila kitabu kinachofuata. Chora safu tatu: ahadi, mahali, malipo. Mahali paandike kwa namba ya kitabu na ya sura, usiandike namba ya ukurasa, kwa kuwa matoleo hutofautiana na mwenzako anaweza kuwa na jingine.

Ahadi ni kitu chochote ambacho mwandishi amekuomba ukibebe. Tuchukue mfano wa kubuni. Sura ya kwanza, mama anamkabidhi binti ufunguo usio na mlango: hiyo ni ahadi ya kitu. Sura ya pili, mzee wa kijiji ananyamaza kila baba wa binti anapotajwa: ahadi ya swali. Sura ya tatu, binti anawasha moto kwa neno moja na kuamka siku mbili baadaye akiwa hana nguvu: ahadi ya sheria. Ipo pia ahadi ya hofu, pale adui anapotajwa kabla ya kuonekana, na ipo ahadi ya sauti, ambayo watu huisahau. Kitabu kilichoanza kwa utani wa watoto na vyakula kimekuambia kitakuwa hadithi ya aina gani. Kikiishia kwenye maiti tupu, lazima uulize ni sura ipi iliyokutayarisha kwa badiliko hilo.

Ukifika mwisho wa orodha, weka alama kwa kalamu nyekundu: L kwa iliyolipwa, N kwa iliyolipwa nusu, S kwa iliyosahauliwa. Ukipata ahadi chini ya kumi, umepita haraka. Rudia sura ya kwanza.

Usikimbilie kuiita kila S kosa. Kuna swali ambalo mwandishi ameliacha wazi kwa makusudi, na kuna lililomponyoka. Kipimo chake ni hiki: je, kitabu cha mwisho kinaligusa tena? Ufunguo ukionekana shingoni mwa binti katika sura ya mwisho, bado hauna mlango, mwandishi anajua anachofanya. Usipotajwa tena tangu kitabu cha pili, umesahaulika.

Gharama ya nguvu

Katika fantasia, ahadi ya sheria ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayovunjwa mara nyingi. Msomaji wa huku ana kipimo kizuri karibu yake. Mtemi katika Ugogo alibeba jukumu la mvua na alitunza mawe ya mvua, lakini nguvu hiyo ilikuwa na mipaka: ilihusu eneo lake, iliendana na matambiko, na ilimfunga kwa watu wake. Nguvu yenye eneo, utaratibu na mzigo inaaminika hata ndani ya hadithi ya kubuni.

Pitia vitabu vyote, orodhesha kila mahali ambapo nguvu za ajabu zimetatua tatizo kubwa. Mbele ya kila tukio jibu mambo mawili: je, sheria hiyo tulikuwa tunaijua kabla? Na mtumiaji alilipa nini? Kama sheria imezaliwa katika sura ileile inayomwokoa shujaa, mwandishi amejikopesha mwenyewe. Kama binti aliyelala siku mbili kwa kuwasha moto mmoja sasa anachoma jeshi zima na asubuhi anakunywa chai, tafuta maelezo ya katikati: alifundishwa wapi, alipoteza nini? Ukiyakosa, umepata hoja nzito ya maandishi yako, tena ina mahali pa kuonyesha.

Kabla ya kuhukumu, jua mfululizo uliundwaje

Vitabu vingine vinaonekana vitatu lakini ni kimoja. The Lord of the Rings ya Tolkien iliandikwa kama hadithi moja, mchapishaji akaitoa kwa juzuu tatu kati ya 1954 na 1955. Kuilaumu juzuu ya kwanza kwamba haina mwisho ni kuilaumu kwa kazi ya mchapishaji. Hiyohiyo inafundisha kitu kuhusu miisho: baada ya pete ya uovu, ambayo safari nzima ilikuwa ya kuiangamiza, kuteketea, bado zinabaki sura sita. Msomaji anayedhani hadithi imekwisha kwenye kilele huziona ndefu. Anayekumbuka kwamba hadithi ilianzia nyumbani, kwenye sherehe ya kuzaliwa, anaona kwa nini lazima irudi nyumbani, na nyumbani pakutwe pameharibiwa.

Mfululizo wa Narnia wa C. S. Lewis una vitabu saba vilivyotoka kati ya 1950 na 1956, na kile kinachoeleza kuumbwa kwa nchi hiyo kilitoka cha sita, mwaka 1955. Matoleo mengi ya sasa hukipa namba moja. Aliyeanza nacho na aliyeanza na cha 1950 wamepewa ahadi tofauti, hivyo andika wewe umefuata mpangilio upi. Na The Wheel of Time, vitabu 14 vikuu kuanzia 1990 hadi 2013, ilibadilisha mkono njiani: Robert Jordan alifariki 2007, na vitatu vya mwisho vikakamilishwa na Brandon Sanderson. Badiliko la mwendo wa sentensi hapo lina sababu, na ni haki msomaji wako aijue.

Kuandika: maneno kwanza

Wengi husoma mifululizo hii kwa Kiingereza kisha huandika kwa Kiswahili, na hapo ndipo maoni mazuri huharibika. Neno "mchawi" kwa mtu wa kawaida ni mtu anayeroga, mdhuru. Ukimwita mchawi yule mzee mwenye fimbo anayewalinda wanyonge, umemhukumu kabla hujamweleza. Mganga naye huagua na kutibu; hafai kila mahali. Angalia nguvu inatoka wapi. Kama inasomewa, mwite mjuzi wa sihiri. Kama amezaliwa nayo, sema ana nguvu za kuzaliwa. Kama anawategemea waliokufa, mizimu ipo katika lugha yetu na inatosha. Mazingaombwe yaachie jukwaa, ila kiinimacho ni neno zuri sana kwa nguvu zinazodanganya macho tu.

Joka kwa Mswahili ni nyoka mkubwa, hana miguu. Mara ya kwanza andika "joka lenye miguu minne na mbawa", halafu endelea na "joka". Zimwi hula watu, kwa hiyo kiumbe mkubwa asiyekula mtu ni jitu. Jini ana mzigo wake: katika imani za watu wetu majini wana koo, makazi, hata dini, basi usilibandike neno hilo kwa kila roho inayopita. Kwa mataifa yaliyobuniwa, tumia jina alilolitunga mwandishi na uliingize kwenye ngeli ya watu: mmoja alikuja, wawili walikuja. Usilazimishe tahajia kila mahali. Elf, jina la viumbe wanaofanana na watu katika fantasia nyingi, ukiliongezea irabu linakuwa "elfu", na msomaji ataanza kuhesabu.

Kuandika: sasa makala

Maneno 600 hadi 800 yanatosha. Muhtasari wa hadithi usizidi sentensi tano. Tuliosoma sekondari tumezoea kugawanya kila kitabu kwa fani na maudhui: wahusika, mandhari, dhamira, ujumbe. Vichwa hivyo vinafaa chumba cha mtihani. Hapa vinakufanya ujaze visanduku badala ya kutetea hoja. Chagua ahadi tatu tu katika daftari: moja iliyolipwa vizuri kuliko zote, moja iliyolipwa nusu, moja iliyosahauliwa. Hizo ndizo aya zako.

Linganisha sentensi hizi mbili. "Mwandishi amewatumia wahusika vizuri, ila mwisho ni wa haraka." Msomaji hapati kitu. "Mzee aliyenyamaza kuhusu baba wa binti kwa vitabu vitano anasema yote kwa aya moja, katikati ya vita, na binti hapati hata ukurasa wa kumjibu." Sasa uharaka unaonekana wenyewe, huna haja ya kuutaja.

Usimkatie mtu uhondo. Mambo ya kitabu cha kwanza yaseme wazi. Ya katikati yaseme kwa tahadhari. Ya kitabu cha mwisho yaweke chini kabisa, baada ya mstari unaomwambia asiyemaliza aishie hapo. Vifo visiwekwe kwenye kichwa cha habari kamwe.

Andika rasimu kwenye daftari kwanza, ndipo uipeleke kwenye simu. Umeme ukikatika au chaji ikiisha, kazi ipo.

Mkikutana kuzungumza

Watu wanne hadi sita, wote wawe wamemaliza. Maktaba ya mkoa ni ya kusoma kimya, si ya mjadala. Nyerere Square Jumamosi asubuhi panafaa, na kati ya Juni na Septemba maliza kabla upepo wa mchana haujaanza kupeperusha vialamisho. Kila mtu asome ukurasa wake wa siku ya kwanza bila kukatizwa, dakika tatu tatu, ndipo mfungue orodha za ahadi. Mkianza na mjadala, mwenye sauti kubwa atawapa wengine maoni yake na kurasa za siku ya kwanza hazitasomwa.

Mwisho wa daftari andika tarehe uliyomaliza, mpangilio uliofuata, toleo na lugha uliyosomea. Acha kurasa nne tupu. Ukiurudia mfululizo baada ya miaka miwili, zile S zako ndizo utakazozikagua kwanza, na baadhi utazikuta zililipwa mahali ambapo ulipita ukiwa na haraka ya kujua nani atakufa.