Fulana kavu kwanza, sweta baadaye

Wazazi wa Mbeya, mwezi huu wa saba mkipeleka watoto kwenye michezo jioni bebeni fulana kavu ya kubadilisha, yaani hiyo ni muhimu kuliko hata sweta nzito, maana mtoto akishaingia kwenye ile nyumba ya upepo ya kurukaruka anatoka mgongo umelowa jasho, halafu jua likizama huku kwetu juu, mita 1,700 hivi, baridi inashuka fasta na ile nguo mbichi inamnyonya joto lote. Kabla ya saa 12 mvueni, mfuteni, mvalisheni kavu ndo sweta ifuate. Soksi pia. Mdogo wa mgongoni mfunikeni kichwa, yeye hachezi kwa hiyo ndo anaanza kuganda. Na mkirudi na bajaji mwambieni dereva ashushe maturubai ya pembeni, upepo wa njiani mkali sana jamani.