Kabla ya ERCP: Jiandae na Yale Yanayotokea Mara Chache

Anayeandikiwa ERCP, yaani kuchunguzwa au kutibiwa mrija wa nyongo kwa kifaa kinachopitia mdomoni, mara nyingi huwa ameshateseka: macho yamegeuka manjano, ngozi inawasha, mkojo umekolea. Jiwe au uvimbe umeziba mrija wa nyongo. Daktari hupitisha endoskopi (mpira mwembamba wenye kamera) mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, akapanua mlango wa mrija huo, kisha akatoa jiwe au kuweka stenti, kijibomba cha kuuacha mrija wazi. Kuukata mlango huo kwa endoskopi kulianza kuripotiwa mwaka 1974, Ujerumani na Japani, na tangu hapo wengi wameepuka kupasuliwa tumbo. Lakini kujiandaa si kufunga kula tu. Madhara mengine hujitokeza ukiwa umeshatoka hospitali, pengine uko ndani ya basi unarudi kwenu.

Uliza kwanza kama unakwenda kutibiwa au kuchunguzwa tu. Kama ni uchunguzi, MRI (picha inayopigwa kwa sumaku) ya mirija ya nyongo mara nyingi inatosha, na kwa maoni yangu hakuna sababu ya kubeba hatari zaidi ya hapo.

Dhara linalojulikana zaidi ni kuvimba kwa kongosho, ambalo huwapata takriban wagonjwa 3 hadi 10 kati ya 100. Uliza kama utawekewa indomethasini au diklofenaki, dawa za kupunguza uvimbe, kwa njia ya haja kubwa. Hupunguza hatari hiyo.

Yaliyo adimu ndiyo yanayohitaji jicho la karibu, kwa sababu hata mhudumu wa zahanati anaweza asiyafikirie. Utumbo ukitoboka, hewa huweza kupanda hadi chini ya ngozi ya shingo. Shingo huvimba na ukiibonyeza huchakarika. Waya unaoongoza vifaa ukipenya ndani ya ini, damu hujikusanya chini ya utando wake: maumivu makali chini ya mbavu za kulia, kizunguzungu, presha kushuka. Wengu likijeruhiwa, maumivu huwa kushoto na huweza kupanda hadi begani. Mara chache sana hewa huingia kwenye mishipa ya damu na kufika kwenye moyo au ubongo. Ndiyo maana inafaa kuuliza kama utumbo hujazwa kabonidioksidi badala ya hewa ya kawaida, kwani gesi hiyo huyeyuka haraka kwenye damu.

Usione haya kuuliza endoskopi husafishwaje. Mwaka 2015 nchini Marekani, wagonjwa waliambukizwa bakteria sugu kupitia endoskopi za aina hii, ambazo kijiwiko kidogo kwenye ncha yake ni kigumu kusafisha.

Mweleze daktari dawa zote unazotumia. Wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, na klopidogreli, nayo ya kuzuia damu kuganda, hupangiwa siku zake, ila usiache mwenyewe, hasa kama una stenti ya moyo au vali ya bandia. Taja mzio, ujauzito, kisukari, na upasuaji wowote wa tumbo la chakula, maana njia ya kupita huwa imebadilika.

Ukitoka mkoani, panga kulala karibu na hospitali angalau usiku wa kwanza, pamoja na mtu mzima anayejua dalili hizi. Maumivu ya tumbo yanayozidi, homa yenye kutetemeka, kutapika damu, kinyesi cheusi kama lami: rudini mara moja, hata usiku. Damu inaweza kuanza kutoka wiki moja au hata mbili baadaye, kwa hiyo popote utakapokwenda kutibiwa, neno la kwanza liwe "nimefanyiwa ERCP".

Usiondoke bila karatasi inayoonyesha kama mlango ulikatwa, kama stenti iliwekwa, ni ya aina gani na itatolewa lini. Stenti ya plastiki huziba, kwa kawaida hutolewa au kubadilishwa ndani ya miezi 3 hivi, na ikihama inaweza kuutoboa utumbo. Chukua tarehe hiyo kabla hujaruhusiwa, na anza mapema kutafuta nauli ya kurudi.