Somo: Kuchagua propela za boti ya mashine mbili

Swali hili huja karibu kila wiki: "Fundi, boti yangu ni ya faiba, futi 28, mashine mbili za nguvu 40. Nifunge propela gani?" Hilo halijibiki ukiwa umekaa ufukweni. Jibu liko kwenye geji ya mizunguko, boti ikiwa na mzigo wake wa kila siku.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Tunapeleka wageni kisiwa cha Mnemba kutoka Nungwi, Unguja. Tulifunga propela za pichi 14 pande zote mbili kwa sababu jirani alikuwa nazo na boti yake ilikuwa inaruka. Jirani anabeba watu sita. Sisi tunabeba kumi na sita, pamoja na mitungi ya kuzamia. Boti ikawa inakwenda tezi (nyuma) chini, omo (mbele) juu, moshi nyuma, na petroli inakwisha kabla ya siku.

Kwanza maneno. Propela (wengine husema pangaboi, na vitabuni utakuta rafadha) ina namba mbili kwenye kitovu, mfano 11 3/8 x 12. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi, yaani inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye ubao. Maji si ubao, kwa hiyo daima inateleza kidogo. Pichi kubwa ni gia nzito. Lori lenye shehena halipandi mlima kwa gia ya nne.

Hatua ya 1. Fungua kijitabu cha mashine utafute mizunguko inayotakiwa mafuta yakiwa yamefunguliwa mpaka mwisho. Zetu ni 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Mashine nyingi za foo stroki (zisizochanganywa oili kwenye petroli) ni 5,000 hadi 6,000. Usikisie.

Hatua ya 2. Pakia boti kama unavyofanya kazi. Kama hakuna abiria, jaza madumu ya maji.

Hatua ya 3. Toka maji yakiwa yametulia, yaani yakishajaa au yakishapwa kabisa. Fungua mafuta mpaka mwisho, mashine zote mbili pamoja. Andika mizunguko ya kila mashine na mwendo wa GPS, kisha rudi njia ileile na uchukue wastani, maana mkondo hudanganya. Usijaribu katikati ya kusi kali ukasema umepima.

Hatua ya 4. Piga hesabu. Kila inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko kiasi cha 150 hadi 200. Ukipunguza pichi, mizunguko inapanda.

Vipimo vyetu vilikuwa hivi. Pichi 14: mizunguko 4,200, mwendo noti 15 (maili za baharini kwa saa). Pichi 12: 4,600. Pichi 11: 4,800, noti 17, na boti tupu 5,250. Pichi ndogo imeongeza mwendo! Ukitaka kujua kwa nini, zidisha mizunguko kwa pichi, gawa kwa uwiano wa gia (wetu ni 2, yaani mashine huzunguka mara mbili propela ikizunguka mara moja), kisha gawa kwa 1,215. Unapata noti za kwenye karatasi. Pichi 14 ilitakiwa itoe noti 24, ikatoa 15, yaani zaidi ya theluthi ilipotea. Pichi 11 ilitakiwa itoe karibu 22, ikatoa 17. Kwa boti nzito, kupoteza kama asilimia 20 si aibu.

Mashine ikishindwa kufika mizunguko yake, inafanya kazi kama punda aliyebebeshwa mno: joto, masizi, pistoni kuumia. Ikipita kiwango nayo ni hatari. Mimi hulenga karibu na katikati ya kiwango au juu yake nikiwa na mzigo, nikihakikisha boti tupu haivuki mwisho.

Hatua ya 5. Wakati wa kufunga, paka grisi ya baharini kwenye shafti, usisahau washa inayotangulia propela kwenye shafti, na weka kotapini mpya (pini inayozuia nati isifunguke). Kotapini ya zamani iliyonyooshwa kwa nyundo ndiyo iliyopeleka propela nyingi chini ya bahari.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nimesikia propela moja izunguke kulia na nyingine kushoto. Ninunue?

Jibu: Ni nzuri, usukani hauvuti upande. Lakini lazima mashine yenyewe iwe na gia ya kuzungukia kushoto, na mashine ndogo nyingi hazina. Ukifunga propela ya kuzungukia kushoto kwenye mashine inayozungukia kulia, ukiweka gia ya mbele boti itarudi nyuma. Mbili za kuzungukia kulia zinafanya kazi bila shida.

Swali kutoka Musoma: Nimechukua propela sawa na za ndugu yangu wa Tanga, boti sawa, mashine sawa. Yeye anafika 5,000, mimi sifiki. Nimeibiwa?

Jibu: Hujaibiwa, ndugu yangu. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na mashine hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Punguza pichi inchi moja au mbili, upime upya.

Swali: Mashine ya kushoto inazidi ya kulia mizunguko 400, na propela zina namba sawa.

Jibu: Badilishana propela. Tatizo likihama na propela, basi panga limepinda au raba ya kitovu inateleza. Chora mstari mmoja kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje. Ukirudi mstari umekatika, raba imekufa. Tatizo likibaki upande uleule, angalia mashine ile imefungwa juu kiasi gani kwenye ubao wa nyuma ya boti, huenda propela inanyonya hewa.

Swali: Propela ya stenlesi au ya aluminiamu?

Jibu: Stenlesi haipindi ovyo na inauma maji vizuri. Lakini sisi tunapita juu ya matumbawe maji yakipwa. Aluminiamu ikigonga inavunjika yenyewe. Stenlesi inapeleka kishindo kwenye gia. Mimi nafunga aluminiamu, na ya akiba iko chini ya benchi pamoja na spana yake.

Swali: Mashine moja ikizima katikati ya bahari, ile nyingine itanifikisha?

Jibu: Itakufikisha, polepole. Inua iliyozima itoke majini. Iliyobaki usiifungue mpaka mwisho, kwani propela uliyochagua kwa mashine mbili ni nzito mno kwa moja. Fungua mafuta nusu tu, wasogeze abiria upande wa omo, na uwapigie simu wanaokusubiri uwaambie utachelewa.