Kuomba cheti cha ISO/IEC 27001 bila kukwama kwenye nakala rudufu

ISO/IEC 27001 ni kiwango cha kimataifa cha kusimamia usalama wa taarifa. Kwanza, msiiandikie ISO barua. Shirika hilo hutunga viwango tu, halimpi mtu yeyote cheti. Cheti hutolewa na kampuni ya ukaguzi iliyopata ithibati, yaani idhini rasmi ya kukagua, kwa kiwango cha ISO/IEC 17021-1. Ombeni hati ya ithibati kabla ya kuomba bei, na msome kama ISO/IEC 27001 imo, maana wako walioidhinishwa kukagua mifumo ya ubora peke yake, na hawana haraka ya kulisema. Mkikutana na kampuni inayoahidi kuwaandikia nyaraka zote kisha iwakague yenyewe, iageni kwa heshima. Kanuni za ithibati zinakataza mkaguzi kukagua kazi ya mkono wake.

Fomu ya maombi haina miujiza. Pa kutolea jasho ni pawili. Pa kwanza ni idadi ya watu: siku za ukaguzi hukokotolewa kwa idadi ya wanaofanya kazi ndani ya wigo, yaani sehemu ya kampuni inayoombewa cheti, wakiwamo wa mkataba. Anayeipunguza ili bei ishuke huletewa ankara mpya mkaguzi akifika na kukuta madawati yamejaa.

Pa pili ni wigo wenyewe, kwa kuwa sentensi inayoutaja ndiyo itakayochapwa kwenye cheti. Mkiandika "huduma zote za kampuni", mmempa mkaguzi haki ya kufungua kila mlango, hata ule wa stoo yenye kompyuta chakavu ambazo diski zake hakuna aliyezifuta. Mkiandika "chumba cha seva" tu, mteja anayenunua programu yenu atauliza cheti hicho kinamhusu nini. Tajeni huduma, vitengo vinavyoitoa na maeneo ya kazi, kisha elezeni mpaka: wapi mikono yenu inaishia na ya mtoa huduma wa nje inaanzia.

Tamko la vidhibiti

Hati hii huorodhesha vidhibiti, yaani hatua za kulinda taarifa zilizoorodheshwa kwenye kiwango, mnavyotumia, kwa nini mnavitumia, kama vimeshatekelezwa, na sababu ya kuacha vile mlivyoviacha. Toleo la 2022 lina vidhibiti 93: 37 vya kitaasisi, 8 vya watu, 14 vya majengo na vifaa, 34 vya teknolojia. Jedwali mliloazima likiwa na vidhibiti 114, ni la toleo la 2013, lirudisheni lilikotoka. Na sababu ya kuacha kidhibiti lazima itokane na tathmini yenu ya hatari. "Hakituhusu" haijawahi kumridhisha mkaguzi yeyote.

Sehemu inayokula miezi

Vidhibiti vinne husomwa pamoja: 5.29 kuhusu usalama wa taarifa kazi zinapovurugika, 5.30 kuhusu utayari wa TEHAMA, 8.13 kuhusu nakala rudufu, na 8.14 kuhusu mitambo ya akiba. Cha 5.30 kiliingia 2022, na waombaji wengi hukijaza kwa kunakili maelezo ya 8.13. Mkaguzi huliona hilo mapema. Cha 8.13 kinataka nakala ziwepo na ziwe zimejaribiwa, cha 5.30 kinataka kujua kama kazi itarudi ndani ya muda mlioahidi.

Muda huo hauamuliwi na fundi wa kompyuta. Kaeni na kila kitengo muulize: mfumo ukizimika saa 4, siku 1, siku 3, nini kinaharibika, na kwa nani? Tarajieni kila mkuu wa kitengo aseme chake hakiwezi kusimama hata dakika. Hakuna anayependa kuandikwa kwamba akikosekana wiki nzima hapana atakayeshtuka. Mwekeeni mbele gharama ya kila muda, kisha mmwombe achague tena; majibu hubadilika.

Mtatoka na namba mbili kwa kila huduma. Moja ni muda wa juu wa kuirudisha, ambao wakaguzi huuita RTO. Nyingine ni kiasi cha data mnachokubali kupoteza, kikipimwa kwa muda, yaani RPO. Hapo pigeni hesabu kabla mkaguzi hajawapigia. Data ya terabaiti 4 ikirudishwa kutoka kwenye hifadhi ya mbali kwa laini ya megabiti 100 kwa sekunde huchukua karibu saa 89, na hiyo ni kama laini haiguswi na mtu mwingine. Ukurasa wa mbele ukiwa umeandikwa "RTO saa 4", mpango mzima umekufa. Vivyo hivyo, nakala zikichukuliwa mara moja kila saa 6 usiku na seva ikafa saa 11 jioni, mmepoteza data ya saa 17. RPO ya saa 1 haipatikani kwa ratiba hiyo hata mkiisaini mara tatu. Ama mwongeze kasi na marudio, ama muweke namba ya kweli na mkurugenzi aikubali kwa maandishi.

Halafu jaribuni kurudisha kweli. Taa ya kijani kwenye programu ya nakala inathibitisha kwamba nakala ilichukuliwa. Kama inafunguka ni habari nyingine. Chukueni mashine tupu, mrudishe mfumo mzima, na mtumiaji wa kawaida aingie na kufanya kazi yake. Hapa ndipo vituko hutokea. Ufunguo wa kufungua nakala umehifadhiwa ndani ya seva ileile iliyokufa. Mpango wa dharura uko kwenye folda ya pamoja isiyofunguka. Namba za simu za timu ziko kwenye barua pepe. Msimbo wa kuthibitisha utambulisho huja kwenye simu ya mtu mmoja, naye yuko likizo. Mfumo wa mishahara umerudi salama, lakini seva inayothibitisha majina na nenosiri haijarudi, kwa hiyo hakuna anayeingia. Andikeni mpangilio wa kurudisha: mtandao na majina ya seva, kisha utambulisho, kisha hifadhidata, kisha programu. Mpango wenyewe, funguo na namba za simu viwepo pia nje ya mifumo yenu, hata kwenye karatasi ndani ya kasha lenye kufuli.

Nakala angalau moja iwe imetengwa na mtandao, au iwe ya aina isiyoweza kufutwa kabla ya muda wake. Wadukuzi wanaofunga data ili walipwe huzitafuta nakala kwanza, na akaunti kuu ya msimamizi ikiwa ndiyo hiyohiyo ya kuendeshea nakala, watazifuta.

Rekodi ya jaribio iwe na tarehe, majina, kilichorudishwa, muda wa kuanza na kumaliza, lengo, matokeo na kasoro. Jaribio lililofeli halitawanyima cheti likiambatana na marekebisho na jaribio la pili. Rekodi tano mfululizo zisizo na kasoro hata moja ndizo zinazomfanya mkaguzi avute kiti karibu.

Msisahau 5.29. Mifumo ikizimika watu hutuma mafaili ya wateja kwa simu zao binafsi ili kazi iende. Amueni mapema njia gani mbadala inaruhusiwa na nani ataisafisha baadaye.

Ukaguzi wenyewe

Kabla ya kupanga tarehe, kamilisheni ukaguzi wa ndani na kikao cha uongozi cha kupitia mfumo mzima wa usalama wa taarifa, kikiwa na kumbukumbu. Mkuu wa TEHAMA hawezi kukagua kazi zake mwenyewe. Azimeni mtu wa uhasibu aliyefunzwa kukagua.

Hatua ya kwanza mkaguzi husoma nyaraka na kupima utayari. Acheni nafasi ya wiki kadhaa kabla ya hatua ya pili, ambapo neno analolipenda ni "nionyeshe". Mwambieni kila mtu ajibu alichoulizwa tu. Mwenye kupenda kusimulia awe na kazi nje siku hiyo. Kasoro ndogo huhitaji mpango wa marekebisho unaokubaliwa. Kasoro kubwa lazima irekebishwe na kuthibitishwa, na ikipita miezi 6 tangu siku ya mwisho ya hatua ya pili bila uthibitisho, hatua hiyo hurudiwa. Ada nayo hurudi.

Cheti hudumu miaka 3, na ukaguzi wa ufuatiliaji huja kila mwaka. Wa kwanza ufanyike ndani ya miezi 12 tangu uamuzi wa kuwapa cheti. Ule wa kuhuisha ukamilike kabla ya cheti kuisha. Kikiisha, kampuni ya ukaguzi inaweza kukirejesha ndani ya miezi 6 ikiwa yaliyobaki yatamalizwa. Zaidi ya hapo mnarudia angalau hatua ya pili nzima, kwa hiyo wekeni tarehe hiyo kwenye kalenda ya watu wawili, siyo ya mmoja.