Somo: Panchi ya ramu ya Barbados, naandika mara moja tu

Wakuu, kila wikendi naulizwa lilelile: "Panchi yangu imekuwa kali kupindukia, nimekosea wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu.

Barbados, kisiwa cha Karibi, wana kibwagizo chao cha panchi, yaani kileo cha kuchanganya: uchachu moja, utamu mbili, ukali tatu, wepesi nne. Yaani ndimu, shira, ramu (kileo kikali cha miwa), maji. Pimia chochote, hata kikombe cha kahawa, mradi usibadilishe katikati. Mimi napima kwa mililita 100, napata lita kamili.

1. Kamua ndimu, chuja. Mililita 100.

2. Shira: sukari ya kahawia na maji sawa kwa sawa, koroga motoni iyeyuke, iache ipoe. Mililita 200.

3. Ramu, mililita 300. Hapa ndipo nilipoaibika. Shughuli ya shemeji yangu, nimeletewa chupa ya ramu nyeupe ya Jamaika, nikamimina bila kusoma lebo. Kumbe kilevi asilimia 63! Pigeni hesabu: ramu ya 40 inatoa panchi ya asilimia 12, sawa na divai. Yangu ilikaribia 19. Ndimu na sukari vikaficha makali, hakuna aliyeshtuka mpaka alipotaka kusimama. Mzee mmoja tulimbeba na kiti chake. Kwa hiyo SOMA NAMBA. Ikiwa 63, weka ramu 200 na maji 100 ya ziada. Na usikimbilie kuongeza shira ukiona kali. Utazidi kuficha kilevi tu.

Kuzimua ramu si ulegevu. Mwaka 1740 Admirali Vernon wa Uingereza, akiwa Karibi, aliamuru mgao wa ramu wa mabaharia wake, nusu painti kwa siku, uchanganywe na kwati ya maji (painti mbili), moja kwa nne. Mgao wenyewe ulifutwa tarehe 31 Julai 1970.

4. Maji 400, matone machache ya Angostura (dawa chungu ya kuonjesha vinywaji), kisha friji. Barafu iingie kwenye glasi, siyo kwenye jagi. Para kungumanga juu yake.

MASWALI

Mpenda Ndimu: Mkuu, ndimu ya chupa inafaa?
— Hapana.

Baharia wa Nchi Kavu: Nimeweka 300 ya ile ya 63, sasa nifanyeje?
— Urudi hatua ya 3, kisha uongeze ndimu, shira na maji kwa uwiano. Nilitumia herufi kubwa kwa ajili yako.

Bibi Miwa: Ramu yangu ni nyeusi tii. Imekaa sana kwenye pipa?
— Si lazima. Rangi ya karameli huongezwa. Tazama miaka iliyoandikwa, siyo giza.

Mdau wa Tanga: Kwa nini ramu watengeneze kwa molasi wakati juisi ya miwa ipo?
— Swali zuri sana. Pesa ilikuwa kwenye sukari. Kuanzia miaka ya 1640 mashamba ya Barbados, kwa jasho la Waafrika waliotiwa utumwani, yalichemsha juisi yote kupata sukari; molasi, ule uji mweusi mtamu, ilikuwa masalia. Wakaichachusha na kuipika, taka ikawa mali. Mount Gay, kiwanda cha ramu cha huko, wana hati ya 1703. Martinique, kisiwa cha Ufaransa huko Karibi, ndiko ramu ya juisi ilikoshamiri, karne ya 19, sukari ya viazisukari vya Ulaya ilipoangusha bei ya miwa. Sheria ya Ufaransa imeilinda kwa jina lake tangu 1996. Ina harufu ya majani mabichi. Ukiipata, usiitie kwenye panchi, inywe na ndimu na shira kidogo.

Mdau wa Tanga: Na ile ya Jamaika inayonuka ndizi iliyoiva kupita kiasi?
— Esta hizo, mkuu, kemikali zenye harufu ya matunda. Wanachachusha kwa siku nyingi, na wengine hurudishia mabaki ya mtungi wa mpiko uliopita.

Bibi Miwa: Kungumanga ya unga si inatosha? Ninayo tangu Idi.
— Idi ipi? Nunua nzima, uipare papo hapo.

Mpenda Ndimu: Na limau je?
— 🙄