Namna ya kutoa sadaka bila kupiga panda

Nimekuwa mhazini wa kanisa kwa miaka 11. Kila Jumapili ibada ikiisha tunabaki watu watatu chumbani: tunafungua bahasha, tunahesabu, tunaandika, tunatia saini. Meza ile imenifundisha kwamba kiasi hakisemi lolote kuhusu moyo. Nimewahi kupokea sadaka nono, na kesho yake asubuhi nikapigiwa simu kuulizwa kwa nini jina halikutajwa kwenye matangazo. Wakati huohuo kulikuwa na bahasha ndogo isiyo na jina, iliyokuja mwezi hadi mwezi kwa mwandiko uleule, na mwenyewe hakuwahi kuuliza kitu.

Yesu alisema utoapo sadaka usipige panda, yaani tarumbeta, mbele yako, kama wanafiki wafanyavyo ili watukuzwe na watu (Mathayo 6:2). Ninayoandika hapa juu ya agizo hilo nimeyajua kwa kukosea. Nitasimulia makosa yangu tu. Mema, kama yapo, siyataji, na nadhani unaelewa kwa nini.

Anza nyumbani. Amua kiasi ukiwa peke yako, hesabu, funga bahasha, kisha ndipo utoke. Paulo anawaambia Wakorintho kila mtu atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala si kwa lazima (2 Wakorintho 9:7). Kukusudia ni kazi ya faraghani. Kanisani kuna macho: jirani akitumbukiza noti kubwa, mkono wako unarudi mfukoni kutafuta nyingine, na hiyo ya pili hukumpa Mungu, umempa jirani. Na mwenye kuendesha changizo akianza kuita watu wasimame kwa viwango, wewe kaa. Ni vigumu, najua. Kiti huwaka moto. Lakini umeshaamua.

Anania na Safira, mume na mke wa kanisa la kwanza waliouza kiwanja chao, hawakuhukumiwa kwa kubakiza sehemu ya fedha. Petro alimwambia Anania waziwazi kwamba kiwanja kilikuwa mali yake, na hata baada ya kukiuza thamani yake ilikuwa mkononi mwake (Matendo 5:4). Hakuna aliyewadai chote. Walitaka kutoa sehemu na kusifiwa kwa kutoa chote, na hapo ndipo walipoangukia. Kwa hiyo, kama unaweza kidogo, toa kidogo na kiitwe kidogo.

Kabla ya kufunga bahasha, jiulize nani anakudai. Swali hili watu wengi tunaliruka. Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, wakapata sababu ya kutowasaidia baba na mama zao (Marko 7:11). Aliwakemea pia waliolipa zaka za mnanaa, bizari na jira, vijani vya bustanini, wakaacha adili na rehema. Kama hujamlipa anayekufulia nguo, mlipe kwanza. Fedha hiyo ni yake, huwezi kuitoa sadaka. Na kama umegombana na ndugu yako, Mathayo 5:24 haina utata: acha sadaka yako pale mbele ya madhabahu, nenda mkapatane, kisha urudi.

Sasa namna ya kuifikisha. Hapa ndipo nilipoharibu mimi.

Miaka ya nyuma nilimlipia ada mtoto wa mama mmoja mjane tuliyesali naye. Nilitoa kwa huruma kabisa, nakumbuka hata machozi. Wiki ile ile, kwenye kikundi cha maombi, niliomba nafasi ya ushuhuda. Nikasema, "Namshukuru Mungu aliyeniwezesha kumsomesha mtoto wa mwenzetu." Sikumtaja jina, ila chumba kilikuwa na watu 15 na mjane mwenye mtoto wa umri ule alikuwa mmoja tu. Watu wakasema amina. Kuanzia Jumapili iliyofuata mama yule akahamia kiti cha nyuma kabisa, na ibada ilipokaribia kuisha alitoka kabla hatujasalimiana. Nilimlipia mtoto ada, nikamnyang'anya mama mahali pake pa kuketi. Nilimwendea kumwomba radhi. Alinipokea kwa upole, lakini kiti cha mbele hakukirudia.

Baada ya hapo nikamsoma upya Boazi, yule mwenye shamba katika kitabu cha Ruthu. Ruthu alikuwa mgeni, tena mjane, akiokota masazo nyuma ya wavunaji. Boazi angeweza kumwita na kumkabidhi gunia mbele ya watu wote. Badala yake aliwaambia vijana wake wachomoe masuke kutoka katika miganda na kuyaacha chini makusudi, wala wasimkemee (Ruthu 2:16). Ruthu akarudi nyumbani na alichokiokota kwa mikono yake mwenyewe. Torati nayo inamwagiza mwenye kukopesha asiingie nyumbani mwa mkopaji kuchukua rehani. Asimame nje, mwenyewe amletee (Kumbukumbu la Torati 24:10-11). Hata anayedai haki yake hana ruhusa ya kumwaibisha maskini mlangoni pake.

Kwa vitendo: pitisha msaada kwa mtu wa tatu anayeweza kunyamaza. Lipa deni moja kwa moja kwa anayedai, bila kuandika jina lako. Ukilazimika kwenda mwenyewe, nenda peke yako na simu ibaki mfukoni. Picha ya mtu anayepokea unga ni panda ileile ya Mathayo 6, hata kama haitoi sauti.

Ukishatoa, kazi ngumu ndiyo inaanza. Yesu anasema hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume. Mkono wa kushoto si jirani, ni wako. Maana yake hata wewe usikae ukijitazama ukitoa. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "wanafiki" lilikuwa jina la waigizaji wa jukwaani. Na pale anaposema "wamekwisha kupata thawabu yao," limetumika neno lililoandikwa kwenye stakabadhi za biashara za siku zile: nimepokea yote, sidai tena. Ushuhuda wangu ulikuwa stakabadhi hiyo. Zile amina 15 ndizo malipo yangu.

Jihadhari pia na njia za pembeni. "Tumwombee dada yetu, nimejitahidi kumsaidia lakini hali bado." Hilo si ombi. Vilevile kumkumbusha mtu wema wako siku mnapokosana. Wema uliowekwa akiba ya ugomvi ulikuwa mkopo tangu mwanzo.

Wengine huniuliza: mbona Yesu alisema nuru yenu iangaze? Na Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, je, si alisimama akatangaza nusu ya mali yake? Mtazame vizuri. Alitangaza pia kwamba aliyemdhulumu atamrudishia mara nne, na tangazo lile liliwapa waliodhulumiwa nguvu ya kuja kumdai. Tangaza unachodaiwa, watu wakubane. Unachotoa kwa hiari, nyamaza.

Usiri wa mtoaji usiwe kisingizio cha vitabu vilivyofichwa. Paulo alituma watu zaidi ya mmoja kupeleka changizo la maskini wa Yerusalemu, ili mtu asije akawalaumu (2 Wakorintho 8:20). Jina la mtoaji lifunikwe, hesabu ziwe wazi. Nawasihi wahazini wenzangu: tangazeni jumla, acheni kusoma majina na viwango.

Na ukigundua moyo wako umechanganyika, sehemu huruma na sehemu kutaka kuonekana, usiache kutoa. Mwenye njaa hawezi kusubiri hadi nia yako itakate. Toa, tubu, na safari ijayo jifiche zaidi.

Kuna siku utagunduliwa tu. Mtu atakushika mkono aseme, "Nimejua ni wewe." Usikane, maana huo nao ni uongo, wala usianze kueleza ilivyokuwa. Sema, "Mungu ashukuriwe," kisha muulize mtoto anaendeleaje, na umsikilize anapojibu.