Jinsi ya kufuatilia historia ya meli iliyobeba askari: mfano wa Khedive Ismail

Ziko familia Afrika Mashariki ambazo babu yao alipanda meli Kilindini kwenda vita vya Asia asirudi, na kilichobaki nyumbani ni jina la meli tu. Jina hilo linatosha kuanzia. Hapa nafuata Khedive Ismail, ila njia ni ile ile kwa meli yoyote ya askari ya Waingereza.

Hatua ya 1: Pata majina yote ya meli
Tafuta jina zima. Ukiandika "Khedive" peke yake utaletewa HMS Khedive, manowari ya kubeba ndege, ambayo ni meli nyingine kabisa. Kisha fungua rejesta za Lloyd's, yaani orodha za meli za kila mwaka, za miaka ya 1930 hadi 1945, ambazo zimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Humo utaona tani, mwaka wa kuundwa na majina ya awali. Meli yetu iliundwa Greenock, Scotland, mwaka 1922, ikaitwa Aconcagua na kumilikiwa na kampuni ya Chile. Mwaka 1935 ikaenda kwa Khedivial Mail Line ya Misri na kupewa jina jipya. Waingereza waliichukua kwa kazi za vita mwaka 1940.

Hatua ya 2: Panga safari zake
Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, ina kadi za safari za meli za biashara katika mkusanyo BT 389. Usitegemee simulizi humo: ni bandari, tarehe na vifupisho. Zihamishie kwenye jedwali lako, mstari mmoja kwa kila bandari.

Hatua ya 3: Tambua msafara
Msafara wa mwisho ulikuwa KR 8, yaani Kilindini kwenda Colombo. Uliondoka tarehe 5 Februari 1944 ukiwa na meli tano za askari: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga. Manowari Hawkins ilikuwa mlinzi, na baadaye wakaongezeka Petard na Paladin. Yaandike majina haya yote, kwa sababu hatua inayofuata inayategemea.

Hatua ya 4: Soma karatasi za walinzi
Wengi huishia kutafuta kitabu cha safari cha meli yenyewe. Meli hii ilipigwa topido mbili tarehe 12 Februari karibu na Maldivi, ikazama ndani ya dakika mbili hivi. Kilichokuwa ndani kilizama nayo. Waliobaki kuandika ni walinzi. Huko huko Kew, anza na mkusanyo ADM 199, zinamowekwa taarifa za misafara na mapambano, kisha ADM 53 kwa vitabu vya safari vya Hawkins.

Jiandae, maana kisa chake ni kizito. Nyambizi ya Japani, I-27, ilikuwa chini ya eneo walimokuwa wakiogelea manusura, na manowari zikalazimika kuangusha mabomu ya kina, yaani ya kulipukia chini ya maji, pale pale. I-27 ilipoibuka, Paladin ilikwenda kuigonga ikapasuka ubavu. Petard ndiyo iliyoimaliza kwa topido. (Ni Petard ile ile iliyotoa vitabu vya siri vya Wajerumani kwenye nyambizi yao U-559 mwaka 1942.)

Hatua ya 5: Watafute watu
Katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, usitafute kwa jina la meli. Weka tarehe ya kifo na kikosi: East African Artillery, Kikosi cha 301 cha mizinga. Majina yao yamo kwenye mnara wa kumbukumbu ulio ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Jaribu tahajia kadhaa. Makarani waliandika majina yetu walivyoyasikia. Wauguzi, wanajeshi wa majini na mabaharia wa meli wako kwenye minara mingine, kwa hiyo wasipoonekana Nairobi usidhani wamesahaulika.

Hatua ya 6: Linganisha hesabu
Idadi inayotajwa zaidi ni vifo 1,297 kati ya watu 1,511, waliookoka wakiwa wanaume 208 na wanawake 6. Ukijumlisha utaona inafika 1,511 kamili. Ukikuta idadi nyingine kwingine, usiirekebishe wewe. Andika kila takwimu pamoja na mahali ulikoipata, na ufanye hivyo hivyo kwa saa ya kuzama, kwani kila chombo kilifuata saa zake.